Mambo ya Hewa: Kwa Nini Juu Kuna Baridi, na Kwa Nini Ngurumo Hutujia Alfajiri

Mwezi huu twajibu swali lililotufikia kutoka kwa mwalimu mmoja wa hapa Kibeta. Alikuwa akiwafundisha watoto habari za jua na dunia, na mtoto mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, mtu akipanda mlima si anakaribia jua? Mbona basi juu ya Ruwenzori kuna barafu, na sisi wa chini twatokwa jasho?" Mwalimu akasema atajibu kesho. Kesho ikawa juma zima, ndipo akatuandikia. Wala hatumcheki, maana swali hilo si la kitoto.

Kwanza tuondoe lile neno la kukaribia. Jua liko mbali nasi kilometa zipatazo milioni 150. Kilele cha Ruwenzori kina urefu wa meta 5,109 tu kutoka usawa wa bahari. Mtu apandaye huko akidhani amelikaribia jua ni kama mtu asimamaye hapa Bukoba akasogeza unyayo wake kadiri ya vidole viwili, akasema, "Sasa nimeikaribia Dar es Salaam." Si uongo, lakini hakuna faida.

Jambo la pili ni hili, nalo ndilo shina la habari yote. Jua haliipashi hewa moto kwanza. Mwanga wake hupita katika hewa kama upitavyo katika kioo, sehemu iliyo kubwa ikaifikia nchi, nayo nchi ndiyo inayopata joto. Kisha hewa hupashwa na nchi kutoka chini, kama maji ya sufuria yapashwavyo na mafiga. Aliye karibu na nchi tambarare ya chini yu karibu na jiko. Walimu wanaweza kulithibitisha jambo hili pasipo gharama: mchana wa jua kali mtoto aweke mkono juu ya udongo mtupu wa njia, kisha auweke chini ya majani makavu yaliyotandazwa kibanjani. Hewa ya mahali pote pawili ni ile ile, lakini udongo wa njia huchoma, na ule wa kibanjani u baridi. Mama zetu walijua kazi ya majani hayo kabla ya bwana shamba kuja kuieleza.

Hapo mtu mwerevu atatushika. Atasema: "Lakini hewa ya moto hupanda juu. Moshi hupanda, na chini ya paa la nyumba ni moto kuliko sakafuni. Basi joto lote lingekusanyika mlimani." Ni kweli hewa ya moto hupanda, illa ikipanda hukutana na jambo jingine. Hewa ina uzito, na sisi twaishi chini yake kama samaki chini ya maji. Kadiri upandavyo, hewa iliyo juu yako ni kidogo, nayo haikandamizi kwa nguvu. Basi hewa inayopanda hujitanua, na katika kujitanua huitumia nguvu yake yenyewe, joto lake likapungua. Kila mwenye baiskeli ameliona jambo hili bila kulitambua. Unapoijaza mipira upepo, pampu hupata moto mkononi, maana hewa imekandamizwa. Ukiufungua upepo utoke kwa nguvu penye kipira, hewa itokayo ni baridi, maana imejitanua. Mlima haufanyi neno lingine zaidi ya hilo.

Hewa kavu ikipanda kilometa moja hupoteza karibu digrii 10. Hewa yenye mawingu hupoteza pungufu, kwa sababu tutakayoieleza mbele. Wenye elimu wakichukua wastani wa dunia husema digrii 6 na nusu kwa kila kilometa. Watoto wa darasa la juu na wafanye hesabu hii: uso wa ziwa letu u kwenye meta 1,134, na wastani wa joto hapa Bukoba ni karibu digrii 21. Kutoka hapo mpaka kilele cha Ruwenzori ni meta 3,975. Zidisha kwa 6 na nusu, ukagawe kwa elfu. Utapata karibu digrii 26 za kupungua. Ondoa katika 21. Jibu ni digrii 5 chini ya sifuri, nayo maji huko hayawezi kuwa maji. Mtoto aliyeuliza amejibiwa kwa kalamu yake mwenyewe.

Na kwa kuwa tumeutaja uzito wa hewa, tuwape kina mama neno moja la jikoni. Maji ya pwani ya bahari huchemka kwa digrii 100. Hapa kwetu huchemka kwa 96 tu, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni kidogo. Ndiyo maana maharage yetu huchukua muda mrefu kuiva kuliko ya Tanga, hata moto ukiwa ule ule. Na katika vilima vya Karagwe, vilivyo juu zaidi, muda huzidi tena. Asilaumiwe mpishi.

Je, baridi hiyo yaendelea milele kadiri tupandavyo? Watu wengi walidhani hivyo hata mwaka 1902, walipotokea wataalamu wawili, Léon Teisserenc de Bort wa Ufaransa na Richard Assmann wa Ujerumani, wakatangaza kwamba maputo yao yameonyesha habari nyingine: kwenye kilometa 11 hivi juu ya Ulaya baridi hukoma kuzidi, na juu yake kuna tabaka ambalo ndani yake joto halipungui. Tabaka hilo likaitwa stratosfia, na lile la chini yake, tunamoishi sisi pamoja na mawingu na mvua, likaitwa troposfia. Na hapa habari yaja kwetu. Ilitakiwa kujua kama mambo ni hayo hayo huku penye mstari wa Ikweta, basi mwaka 1908 chuo cha Lindenberg cha Ujerumani kikamtuma Arthur Berson pamoja na mwenzake Elias kuja Afrika Mashariki. Berson hakuwa mgeni wa anga. Mwaka 1901 yeye na Reinhard Süring walipanda katika kikapu cha puto hata meta 10,800, wakazimia wote wawili kwa kukosa hewa, wakaamka puto likishuka. Safari hii hakupanda mwenyewe. Alirusha juu ya Ziwa Viktoria maputo ya mpira yaliyochukua chombo kidogo kinachojiandikia joto. Puto hupanda likijitanua mpaka lipasuke, na chombo hurudi chini.

Wasomaji, Wazungu walitazamia kwamba juu ya nchi ya joto anga nalo litakuwa na joto. Chombo kikaandika digrii zipatazo 84 chini ya sifuri, karibu kilometa 20 juu ya ziwa hili tulitazamalo kila siku. Ilikuwa baridi kuliko ile waliyoipata katika tabaka hilo juu ya Ulaya. Mahali pa baridi kali kuliko pote katika hewa ya chini ya dunia hapako juu ya nchi za theluji, pako juu ya nchi zetu za migomba, kwa kuwa huku jua huipandisha hewa juu sana, hata kilometa 16 au 17, nayo kadiri inavyopanda ndivyo inavyojitanua na kupoa. Juu ya hapo joto huanza kurudi, kwa kuwa kuna hewa iitwayo ozoni inayoukamata mwanga mkali wa jua usitufikie wote. Kwenye kilometa 50 joto limekwisha kurudi karibu na sifuri. Twaona ni haki watoto wetu wajue kwamba sura hii ya elimu ya anga iliandikwa juu ya ziwa lao.

Sasa tushuke chini, maana kuna asubuhi ambazo kanuni hii ya mlima yageuzwa juu chini. Simama Kibeta alfajiri ya mwezi wa Julai, usiku ukiwa haukuwa na wingu wala upepo. Utaona ukungu umelala bondeni, na moshi wa majiko ya huko chini wapanda kidogo, kisha wakatika na kutandaa kama shuka iliyonyoshwa. Umegonga dari. Usiku nchi hulitoa joto lake liende angani, na hewa inayoigusa nchi hupoa, ikawa nzito, ikateremka mitelemkoni kama maji na kujikusanya bondeni. Asubuhi hiyo aliye bondeni hutetemeka kuliko aliye mlimani, na hewa ya moto iko juu ya baridi. Moshi ukifikia mpaka wa hizo mbili hauna nguvu ya kupita. Hata sauti huzuiwa na dari hiyo, ikapindwa kuja chini. Ndiyo sababu kengele ya kanisa au mashine ya mtumbwi ziwani husikiwa mbali sana alfajiri, na adhuhuri husikii kitu. Tulikuwa tukidhani ni kwa ajili ya utulivu wa watu. Utulivu ni sehemu tu.

Lakini usiku wenye mawingu hauna baridi hiyo, maana wingu hulikamata joto litokalo katika nchi na kulirudisha chini, mfano wa blanketi. Mvuke wa maji usioonekana hufanya vivyo hivyo, na hewa ya ukaa pia. Kama hewa isingekuwa na blanketi hili, wastani wa joto la dunia ungekuwa digrii 18 chini ya sifuri, badala ya karibu 15 juu yake. Blanketi basi ni neema. Taabu ni kuliongeza unene. Kabla ya viwanda, katika sehemu milioni za hewa, sehemu 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420, na dunia imezidi joto kwa zaidi ya digrii moja. Barafu ya Ruwenzori tuliyoifanyia hesabu, mwaka 1906 ilienea kilometa za mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 haikufika hata moja.

Wako wasemao, digrii moja ni nini? Watu wa Muleba wana haki ya kuwajibu. Kijidudu cha malaria kikiwa ndani ya mbu huhitaji joto ili kikomae. Kwa digrii 25 hukomaa kwa siku 12 hivi; kwa digrii 20 huchukua karibu majuma manne, na mbu wengi hufa kabla ya hapo; chini ya 16 hakikui. Ndiyo maana wazee wa vilimani hawakuwa na mazoea ya homa kama watu wa chini, nao wasio na mazoea ndio wanaouawa inapopanda. Wilaya ya Muleba ilipatwa na mlipuko wa malaria mwaka 1998, na tena mwaka 2006. Hatusemi joto peke yake lilifanya hayo. Mvua nazo zilikuwamo. Twasema kwamba katika nchi iliyo mpakani mwa joto na baridi kama yetu, digrii moja ni watoto. Chandarua kisiachwe sandukuni kwa kuwa nyumba i juu kilimani.

Tumeahidi kueleza ngurumo za alfajiri. Katika nchi nyingi mvua ya radi huja alasiri, nchi ikiisha kupata moto. Huko ng'ambo ya ziwa, Kisumu na Kericho, ndivyo ilivyo; mvua ya mawe ya Kericho huwapiga chai yao mchana. Kwetu Bukoba ngurumo huamsha watu usiku wa manane, na mvua hunyesha mpaka saa tatu au saa nne za asubuhi, kisha jua likatoka. Wazee walisema ni Mugasha, bwana wa ziwa, anatoka majini. Sisi hatumfuati Mugasha, walakini twakiri kwamba wazee walikuwa na macho: mahali walipataja sawasawa, na saa waliitaja sawasawa.

Sababu yake ndiyo hii. Maji hayabadiliki upesi kama nchi. Uso wa ziwa hukaa kwenye digrii 24 hata 27 usiku na mchana, mwaka mzima. Nchi kavu mchana hupanda, na usiku hushuka hata 16. Mchana basi nchi ni moto kuliko ziwa, hewa yapanda juu ya nchi, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka: ziwa ndilo lenye moto, na hewa baridi ya nchi hushuka kuelekea majini. Watu wa pwani ya bahari huujua upepo huo, nao huuita umande. Sasa fikirini: ziwa hili ni la kilometa za mraba zaidi ya 68,000, na umande hulijia kutoka pande zote, Uganda na Kenya na Mwanza na kwetu. Zikikutana katikati hewa hizo hazina pa kwenda ila juu. Hupanda zikiwa zimejaa mvuke, na mvuke ukipoa huwa wingu.

Hapo ndipo yaja ile sababu tuliyoiweka akiba. Kuyageuza maji kuwa mvuke kwahitaji joto jingi mno. Ukichemsha maji mpaka sufuria ikauke kabisa, joto lililoyakausha ni karibu mara saba ya lile lililoyafikisha kwenye kuchemka. Joto hilo halipotei. Limefichika ndani ya mvuke, na siku mvuke urudipo kuwa maji, hulirudisha. Jua la mchana lililoliramba ziwa ndilo linaloachwa usiku ndani ya wingu. Kwa hiyo wingu, badala ya kupoa na kutulia, hupata moto tena na kuzidi kupanda, hata kilometa 15 na zaidi. Kisha pepo za mashariki, zivumazo huku karibu siku zote, hulisukuma kuja upande wa magharibi, yaani kwetu. Ndivyo Bukoba ipatavyo mvua ya milimeta karibu 2,000 kwa mwaka, na Karagwe, iliyo nyuma ya vilima, hupata 1,000 au pungufu.

Mvua hiyo ndiyo uhai wa migomba na kahawa, wala hatuilalamikii. Lakini kuna kitu kinachoitangulia. Mvua inapoanza kuanguka kutoka katika wingu, sehemu yake hukauka njiani, nako kukauka kwala joto. Hewa ya chini ya wingu hupoa ghafula, ikawa nzito, ikaanguka kwa kishindo mpaka usoni pa maji, kisha ikatawanyika pande zote kama uji uliomwagwa. Huo ndio upepo baridi unaotujia kabla ya tone la kwanza. Mama mwenye kahawa uani aujua vizuri; ukimgusa shingoni hakawii, huita watoto wakunje majamvi. Ana dakika chache, nazo zamtosha.

Mwanawe aliye ziwani hana dakika hizo. Upepo ule ule unaomwambia mama akunje jamvi ndio unaomwinulia mvuvi mawimbi gizani, nao humfikia yeye kwanza. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni, katika siku zisizo na mbalamwezi, wakawasha taa zao, na saa wanazovuta nyavu ndizo saa ambazo wingu limekomaa. Hesabu itajwayo mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hata 5,000 hufa katika ziwa hili lote kila mwaka. Wala si wavuvi peke yao wanaoikuta asubuhi hiyo mbaya. Tarehe 6 Novemba 2022, karibu saa tatu, asubuhi yenye mvua na mawingu mazito, ndege iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba iliangukia ziwani ikiwa na watu 43. Watu 19 walikufa. Waliookolewa walitolewa kwanza na wavuvi waliokimbilia kwa mitumbwi yao.

Basi tuwaambie wenye vijana ziwani mambo yaliyo wazi. Umeme ukimulika upande wa mashariki saa nane au saa tisa za usiku, usihesabu kwamba uko mbali. Mashariki ndiko utokako, na njia yake ni kuja kwetu. Mtumbwi urudi wakati umeme ungali bila sauti, maana sauti ya radi haisikiwi mbali, kilometa 15 hivi tu, na ukiisikia wingu limekwisha kufika. Umande uliokuwa ukivuma kutoka nchi kavu ukikatika ghafula, hewa ikawa kimya, kisha pumzi ya baridi ikaja kutoka kilindini, hapo hakuna tena kuvuta wavu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, nao husomwa redioni na kutumwa kwa simu. Katika nyumba yenye mvuvi pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ya jioni ni kuusikiliza na kumwambia kabla hajatoka. Wengi wameifanya kazi hiyo kuwa ya binti aliye shuleni, na hatuoni kosa, ikiwa baba amekubali kumsikiliza.

Na mwalimu wetu wa Kibeta twamwomba jambo moja. Shule yake i mlimani, na baadhi ya watoto hulala bondeni. Apate vipimo viwili vya joto, kimoja akitundike shuleni na kingine nyumbani kwa mtoto mmoja wa chini, mahali pasipo jua, kwa urefu wa kifua cha mtu mzima. Visomwe kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwa mwezi mzima, na pembeni iandikwe kama usiku ulikuwa na mawingu au la, na kama ngurumo ilisikiwa. Atuletee daftari hilo, nasi tutazichapa hesabu zake katika safu hii.